Mae Sai mwezi Novemba: tathmini kwa mtu aliyezoea Tunduma

Barabara Kuu Namba 1 ya Thailand huanzia Bangkok, hupanda kaskazini karibu kilomita 1,000, kisha huishia kwenye daraja fupi juu ya mto ambao kijana wa Kyela angeuvuka kwa kuogelea na pumzi ikabaki. Ng'ambo ni Tachileik, nchini Myanmar. Upande huu ni Mae Sai, mji wa mwisho wa mkoa wa Chiang Rai. Aliyewahi kusimama Tunduma akaitazama Nakonde ameshaijua nusu ya Mae Sai kabla hajafika: foleni ya magari, wabadilisha fedha, maduka yaliyobanana hadi kwenye ngazi za daraja, na watu wanaovuka kwenda nchi jirani kununua sabuni na kurudi kabla sufuria haijachemka.

Hukumu tuitoe mapema ili mwenye haraka aishie hapa. Kama sehemu ya kutembelea kwa usiku mbili au tatu kati ya Novemba na mwanzo wa Desemba, Mae Sai inapata nne kwa tano. Kama sehemu ya mfanyabiashara wa Mwanjelwa kwenda kufunga mzigo, inapata moja, na hiyo moja ni ya chai na kahawa.

Kwa nini Novemba

Mvua za kule hukatika Oktoba. Novemba mchana ni nyuzi 28 hadi 30, usiku hushuka mpaka 17 au 18, na asubuhi ukungu hulala juu ya mto mpaka saa mbili na nusu. Milima bado ni ya kijani na hewa ni safi. Hewa hiyo haidumu: kuanzia Februari mpaka Aprili mashamba na misitu huchomwa, moshi hufunga anga, macho huwasha na mlima ulio mbele yako hauuoni. Kwa hiyo anayeambiwa "msimu wa baridi" aulize mwezi gani. Februari nayo huhesabiwa kuwa baridi, lakini mandhari uliyoifuata huenda usiione.

Baridi yenyewe isikutishe. Wenyeji watakuwa wamevaa kofia za sufu na majaketi mazito kwenye nyuzi 18, na mtu wa Uporoto atacheka kimoyomoyo. Sweta moja ya Mbeya ya mwezi wa tano inatosha mjini. Jaketi la kuzuia upepo ni kwa ajili ya pikipiki za alfajiri na kwa ajili ya Doi Tung na Mae Salong, milima inayozidi mita 1,000, ambako kijibaridi kinafanana kabisa na cha Tukuyu. Jua huchomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa 12 jioni, kwa hiyo siku ni fupi kuliko za kwetu. Panga safari za milimani asubuhi.

Tatizo la Novemba liko huku nyumbani: ndipo mvua za kwanza zinapodondoka Nyanda za Juu na kila mwenye shamba anahangaika na mbegu na mbolea. Mkulima aende mwishoni mwa Desemba, akiwa amemaliza kupanda. Tena usiku wa mwezi mpevu wa Novemba mara nyingi ndio wa Loy Krathong, watu wanapoelesha mashua ndogo za vigogo vya migomba zenye mshumaa na maua mtoni. Inapendeza, lakini wiki hiyo vyumba na tiketi za ndege za kwenda Chiang Mai na Chiang Rai hupanda bei. Angalia kalenda ya mwezi kabla ya kulipa chochote.

Karatasi

Mtanzania anahitaji viza. Maombi hufanyika kwa intaneti kwenye thaievisa.go.th. Wanataka pasipoti, tiketi ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala na taarifa ya benki, na kinachoangusha wengi ni hiyo taarifa ya benki: fedha iliyoingia yote siku moja kabla ya maombi inaonekana ni ya kuazima. Ikae kwenye akaunti muda, na mzunguko wa biashara uonekane.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima, kwa sababu Tanzania imo kwenye orodha yao. Sindano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Kadi ya kununua bila kuchomwa ni kujitafutia balaa uwanjani. Tangu Mei 1, 2025 kuna pia kadi ya kidijiti ya kuwasili, TDAC, inayojazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure. Tovuti inayokudai dola kwa ajili yake si ya serikali. Ya kweli inaishia na go.th.

Halafu kuna jambo la kuingia mara moja, ambalo tutalirudia tukifika darajani.

Kufika

Kutoka uwanja wa Songwe hadi Dar es Salaam, kisha Addis Ababa, Nairobi, Doha au Dubai, kisha Bangkok. Hatari iko kwenye kipande cha kwanza. Ukungu na mvua huchelewesha ndege za Mbeya, na kama tiketi ya kimataifa umeikata peke yake, ukikosa ndege hakuna wa kukufidia. Shuka Dar siku moja kabla, au panda basi usiku uliotangulia. Bangkok hadi Chiang Rai ni saa moja na dakika kama 20 angani.

Chiang Rai hadi Mae Sai ni kilomita 60 hivi. Mabasi huondoka stendi namba 1, ile ya katikati ya mji karibu na soko la usiku. Usipelekwe stendi namba 2 iliyo nje ya mji, maana hiyo ni ya safari ndefu. Nauli haifiki baht 100. Kwa hesabu ya haraka chukua baht moja kuwa shilingi 80 hivi.  Safari huchukua saa moja na nusu, na basi la kawaida halina kiyoyozi bali feni na madirisha, jambo ambalo Novemba ni raha.

Basi halikufikishi darajani. Stendi ya Mae Sai iko kilomita kadhaa kabla ya mpaka, na hapo wageni hushuka wakidhani wamepotea. Toka nje utafute songthaew nyekundu, pikapu yenye mabenchi mawili yanayotazamana. Wazee wa Dar watakumbuka chai maharage, na hii ndiyo yenyewe. Nauli ni baht 15 hadi 20 kwa kichwa, unalipa ukishuka, na kengele ya kushushia iko darini. Dereva akikutajia baht 150, anakukodishia gari zima. Panda lenye watu tayari.

Daraja

Hapa tutakaa, maana hapa ndipo watu wanapoharibu safari.

Tunduma ukivuka kwenda Nakonde unarudisha saa nyuma kwa saa moja. Mae Sai ukivuka, unarudisha kwa nusu saa: ikiwa saa sita mchana Mae Sai, Tachileik ni saa tano na nusu. Huhitaji hata kuvuka ili usumbuke. Ukilala karibu na mto, simu hukamata mnara wa ng'ambo kama zinavyokamata mtandao wa Zambia pale Tunduma, inajirekebisha yenyewe nusu saa nyuma, na asubuhi unafika stendi ukiwa na uhakika umewahi wakati basi limeshaondoka. Zima kipengele cha saa ya kujipanga, uchague mtandao wa Thailand kwa mkono. Hiyo pia inakuokoa na gharama za kupiga simu kupitia nchi ya tatu.

Kuhusu saa, kuna jambo la kumfurahisha Mswahili. Wathai kwenye mazungumzo huhesabu saa za usiku kama sisi. Baada ya jua kuzama, saa moja usiku wanaiita nueng thum, yaani moja. Saa mbili ni song thum, mbili. Saa tatu ni sam thum, tatu. Inaenda sambamba hadi saa tano. Mwenye nyumba ya wageni akikwambia geti linafungwa si thum, ni saa nne usiku, hakuna haja ya kujumlisha sita. Usiku wa manane mlinganisho unavunjika, na tiketi za basi hutumia saa 24, kwa hiyo usiutumie stendi.

Sasa viza. Ile ya kuingia mara moja hufa pale unapogongewa muhuri wa kutoka. Ukitembea mita mia kwenda Tachileik kupiga picha, umetoka Thailand, na kurudi huna ruhusa. Dawa ni kibali cha kuingia tena, kinachotolewa na uhamiaji kabla hujatoka: baht 1,000 kwa mara moja, 3,800 kwa mara nyingi. Mtu wa Nyanda za Juu aliyezoea kuvuka Tunduma au Kasumulu mara tatu kwa siku kwa karatasi ya ujirani mwema ndiye anayeingia mtegoni kirahisi, kwa sababu macho yake yanaona daraja la kawaida.

Ushauri wetu ni kutovuka kabisa. Tangu mapinduzi ya kijeshi ya Februari 2021, taratibu za wageni upande wa Myanmar hubadilika bila taarifa. Februari 2025 Thailand ilikata umeme, mafuta na intaneti iliyokuwa ikienda maeneo matano ya mpakani, Tachileik ikiwa mojawapo, kwa sababu ya magenge ya utapeli wa mtandaoni. Magenge hayo yamewanasa vijana wa Afrika Mashariki pia, Wakenya na Waethiopia wakiwemo. Mtego huwa ni ule ule: kazi ya huduma kwa wateja au ya kompyuta "Thailand", mshahara wa dola, tiketi unalipiwa, na ukifika Bangkok gari linakusubiri kukupeleka kaskazini au magharibi. Kijana wa Mbalizi akiletewa kazi ya Bangkok ambayo safari yake inaishia Chiang Rai au Mae Sot, mji mwingine wa mpakani, hiyo si kazi. Tunaliandika hili ndani ya tathmini ya utalii kwa makusudi, kwa sababu wanaosoma kuhusu Mae Sai si watalii peke yao.

Kwa kutazama tu, daraja linatosha. Thailand huendesha kushoto kama sisi, Myanmar huendesha kulia, kwa hiyo magari yanapovuka hubadilishana upande. Simama pembeni dakika kumi uone magari yanavyopishana kwa mshazari. Hilo Tunduma haina.

Soko

Soko la Sai Lom Joi liko bondeni kando ya mto, chini ya daraja. Septemba 2024 Mto Sai ulifurika na kulijaza tope. Maduka yalirudi, lakini tazama kuta: huenda alama ya maji bado inaonekana kwenye baadhi ya majengo. Bidhaa zilizowekwa kwenye rafu za chini za duka la kando ya mto, hasa spika, betri na vifaa vya umeme vya bei ya kutupa, zikague kama unavyokagua gari lililozama. Fungua kifuniko cha betri. Kutu ya kijani kwenye chuma cha mguso inakwambia yote.

Vingi vilivyopo ni vya China: blanketi, majaketi, tochi, masufuria, midoli. Mfanyabiashara wa Sido au Kabwe atavitambua mara moja, maana ndivyo anavyouza, na kwa bei ya jumla ya chini zaidi kutoka Guangzhou au Kariakoo. Sigara za kielektroniki zinauzwa wazi hapa na ni marufuku Thailand, usiziguse. Usibebe kifurushi cha mtu mwingine hata kama ni dawa ya meno, kwani hii ni Pembetatu ya Dhahabu, eneo lenye sifa ya dawa za kulevya, na askari wa barabarani wanajua wanatafuta nini. Vilevile mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo usirudi nayo. Hamishia vitu kwenye mfuko wa kitambaa kabla ya kupanda ndege.

Cha kununua ni kile kisichopatikana kwetu. Kwanza, njugu kubwa za kahawia ziitwazo kao lat, zinazokaangwa barabarani kwenye sufuria kubwa la changarawe nyeusi. Harufu yake hukufikia kabla hujaona moshi. Chukua zenye uzito mkononi, ganda linalong'aa, zisizo na kitundu cha mdudu. Zimenye zikiwa za moto: ngozi ya ndani hutoka kipande kimoja. Zikipoa hung'ang'ania kwenye mikunjo na utatumia kucha mpaka ukate tamaa. Wauzaji huonjesha; ukionjeshwa moja tamu, hakikisha anakupimia kutoka lundo lile lile.

Pili, uyoga mkavu na chai. Tatu, kwa mwenye jicho, mawe ya jade kutoka Myanmar. Hapa mtu wa Songea au Tunduru anaweza kudhani ana uzoefu, maana Wathai ndio waliofurika Tunduru miaka ya 1990 kununua yakuti. Jade ni elimu nyingine. Jiwe asilia huitwa daraja A. Daraja B limelowekwa kwenye asidi kutoa madoa, kisha likajazwa plastiki ya maji ili nyufa zizibe. Daraja C limepakwa rangi. Yote matatu ni "jade halisi" mdomoni mwa muuzaji na hapo hajadanganya. Ameacha tu kukwambia herufi. Tumia kioo cha kukuzia mara 10: uso wa B una mtandao wa mistari kama ganda la chungwa au udongo uliopasuka, na rangi ya C hujikusanya kwenye nyufa kama wino. Ning'iniza bangili kwenye uzi uigonge taratibu na nyingine. A hulia kama kengele ndogo, B hutoa mlio uliokufa. Kukwaruza kwa kisu hakuthibitishi kitu zaidi ya kuondoa vioo na mawe laini. Bangili ya kijani kibichi inayong'aa kwa baht 300 ni pambo, inunue kama pambo.

Kupatana bei kunaruhusiwa, lakini si kwa mtindo wa Mwanjelwa wa kuanzia nusu na kuondoka kwa hasira. Anzia theluthi mbili, tabasamu, usipandishe sauti. Kinachosaidia kuliko hesabu ni namna ya kuita. Wathai, kama sisi, huita watu kwa udugu: phi ni kaka au dada mkubwa, nong ni mdogo wako, pa ni shangazi au mama mkubwa, lung ni mjomba au baba mkubwa. Muuzaji anayekuzidi umri kidogo mwite phi, kisha sema lot dai mai, "inapungua?", ukimalizia na khrap kama wewe ni mwanamume au kha kama wewe ni mwanamke. Mama wa makamo usimwite pa haraka. Wengine hawapendi kuzeeshwa. Phi ni salama.

Marejesho ya kodi ya asilimia 7 yapo Thailand, ila ni kwa maduka yaliyosajiliwa na kwa manunuzi kuanzia baht 2,000 kwa duka moja siku moja, fomu ikijazwa hapo hapo dukani. Sokoni usiyaulize.

Kula

Chakula ndicho kinachoipandisha Mae Sai alama. Khao soi ni tambi za mayai ndani ya mchuzi mzito wa nazi na bizari, paja la kuku ndani, tambi za kukaanga juu. Bakuli huwa baht 50 hadi 70. Pembeni huja kisahani cha majani ya haradali yaliyochachuliwa, vitunguu vidogo vyekundu na kipande cha ndimu. Wageni wengi hukiacha. Ndicho kinachokata mafuta ya nazi. Kimwage chote ndani.

Mpenda ugali atatulia akikutana na khao niao, wali wa kunata. Huja ndani ya kikapu kidogo cha mianzi chenye kifuniko, wa moto. Unaunyofoa tonge kwa vidole vya mkono wa kulia, unaufinyanga mara mbili tatu, unaubonyeza kidogo katikati na kuchotea mboga. Hakuna wa kukufundisha hapo. Makosa ni mawili: kuuacha kikapu wazi, ukakauka na kuwa kama mpira ndani ya dakika tano, na kunyofoa tonge la saizi ya ugali, maana huu unajaa tumboni polepole, na nusu saa baadaye ndipo unajua umekula nini.

Samaki wa kuchoma mwenye ganda la chumvi, aliyejazwa mchaichai tumboni, anaitwa pla nin. Mtazame vizuri: ni sato. Walipelekwa Thailand mwaka 1965, samaki 50 waliotolewa zawadi na mwana wa mfalme wa Japani, na leo wamejaa mabwawa ya nchi nzima. Chagua wa bwawani. Samaki wa Mto Sai na Mto Kok tunashauri waachwe kabisa, kwani mwaka 2025 vipimo vilikuta aseniki kwenye maji ya mito hiyo, inayohusishwa na migodi iliyo juu upande wa Myanmar. Kwa sababu hiyo hiyo usioge wala kuosha matunda mtoni. Maji ya kunywa ya chupa yapo kila kona, na mashine za barabarani hukujazia chupa yako kwa sarafu.

Wasiokula nguruwe wawe macho kuliko wanavyodhani. Neno ni mu, likitamkwa kwa kuvuta na kupandisha sauti kama unauliza. Soseji ya kienyeji ya sai ua ni nguruwe, tena ina mchaichai na harufu inayovutia sana. Mchuzi mwekundu wa nam ngiao, unaoonekana kama wa nyanya tu, una vipande vya damu iliyoganda. Sema mai sai mu, "usitie nguruwe", ila supu huenda ilichemshiwa mifupa yake tangu alfajiri. Uhakika uko kwenye vibanda vyenye alama ya kijani ya halali, vya Waislamu wenye asili ya Yunnan, jimbo la China. Hapo ndipo pia pa kupata ng'ombe mzuri. Pilipili yao si ya mchezo. Mai phet ni "bila pilipili", na hata hivyo itakuwepo.

Kulala

Haihitaji maneno mengi. Chumba safi chenye maji ya moto ni baht 400 hadi 800. Chukua ghorofa ya juu, mtaa wa mbali na mto. Uliza kama kuna blanketi la pili, kwa sababu vyumba vya kule vimejengwa kupambana na joto: sakafu ya vigae, madirisha yasiyobana. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii, beba kigeuzi. Umeme ni volti 220, chaja haina shida.

Dola ziwe noti za 100, mpya, zisizokunjwa wala kuandikwa. Shilingi haibadilishiki popote kule. Badilisha benki au kwenye vibanda vyenye ubao wa bei, na mtindo wa Tunduma wa kuhesabiwa noti pembeni ya barabara uache Tunduma. Mashine za fedha hukata baht 220 hadi 250 kila unapotoa kwa kadi ya nje, kwa hiyo toa mara moja nyingi.

Milimani

Mjini, panda ngazi za hekalu la Wat Phra That Doi Wao asubuhi ukungu unapoinuka. Tachileik yote iko chini yako, na sanamu kubwa la nge limekaa likiitazama. Pango la Tham Luang, walikonasa watoto 12 wa timu ya mpira na kocha wao kuanzia Juni 23 hadi Julai 10, 2018, liko kilomita chache kusini. Kuna sanamu ya Saman Kunan, mzamiaji aliyefariki akiwapelekea hewa. Mvua zikiwa kubwa pango hufungwa, ndiyo sababu nyingine ya kuja Novemba.

Lakini mtu wa Mbozi, Rungwe au Mufindi amalize haraka hayo na apande mlimani. Doi Tung ilikuwa nchi ya kasumba (afyuni) na milima iliyokatwa miti mpaka 1988, mama wa mfalme wa wakati huo alipoanzisha mradi wa kuwapa watu wa vijiji kahawa na makadamia badala yake. Arabika yao huvunwa kuanzia Novemba, wakati ya Mbozi imeshauzwa, kwa hiyo unaikuta kazi ikiendelea: kahawa iko chini ya kivuli cha miti mikubwa, siyo kwenye jua kali. Tazama zaidi wanachofanya baada ya kuvuna. Kahawa ile inakaangwa, inafungwa na kuuzwa pale pale kwa kikombe na kwa pakiti, na makadamia inamenywa, inatiwa chumvi au asali. Mkulima wa Njombe anayeuza makadamia na maganda yake atapiga hesabu akiwa amesimama dukani, na hesabu hiyo itamuuma.

Mae Salong ni ya chai. Ilijengwa na wanajeshi wa Kuomintang, chama cha China kilichoshindwa vita na Wakomunisti, waliokimbia Yunnan baada ya 1949, na mpaka leo mabango ni ya Kichina. Chai yao ni oolong, inayoachwa igeuke rangi nusu tu kabla ya kukaushwa, kisha hufinyangwa kuwa vijidonge. Usiipike kama chai ya rangi ya Tukuyu. Gramu tano kwenye birika dogo, maji ya moto, mwaga maji ya kwanza, kisha loweka chini ya dakika moja, na rudia mara tano au sita kwa majani yale yale. Ukiichemsha na tangawizi na sukari, umepoteza fedha zako. Madukani huonjesha bure. Omba ulinganishe ya mwaka huu na ya mwaka jana, na usinunue isiyofungwa kwa mfuko wa foili uliovutwa hewa, maana kwenye begi la safari ya siku mbili hufyonza harufu ya kila kitu.

Gari la kwenda milimani kodi kwa siku nzima, mpatane bei na vituo kabla ya kuondoka. Pikipiki ni baht 200 hadi 300 kwa siku, ila bila leseni ya pikipiki bima haikulipi ukianguka, na kona za Doi Tung ni za Nyoka kwelikweli, kama za Mlima Kitonga zikiwa nyembamba nusu.

Kurudi Chiang Rai, ondoka kabla ya saa kumi na moja jioni, usisubiri giza. Barabara ile ile uliyojia bila kusimamishwa, ukirudi ina vizuizi vya ukaguzi, na askari hupanda ndani ya basi kutazama nyaraka za wageni. Nakala kwenye simu haiwatoshi. Pasipoti iwe mfukoni mwa shati, isiwe ndani ya begi lililofungiwa buti ya basi na mzigo wa njugu juu yake.